Tai wa Mshona Matanga

Mwaka mmoja, mimi bado nalala kitanda kimoja na bibi yangu mzaa baba, bahari ilitupa robota la kanga pwani ya Ndagoni, hapa kisiwani kwetu Mafia. Robota zima, limefungwa kamba, limelowa chapachapa, na hapakusikika chombo kilichozama. Watu waliligawana palepale mchangani, na kanga zote zilikuwa za namna moja: nyekundu, madoa meupe, korosho pembeni. Basi mwaka ule ukisimama njiani Ndagoni hujui nani mke wa nani. Kwenye arusi moja mzee mmoja alimshika mkono mwanamke aliyejifunika gubigubi, akamwongoza nyumbani akimkaripia njia nzima, mchuzi hauna chumvi, mlango haufungwi, maneno ya ndani unayapeleka kwa mama yako. Yule mwanamke akamfuata kimya. Walipofika kizingitini akafunua uso akasema, "Mie si wako, bwana. Lakini makaripio ni yaleyale, nikadhani niko kwangu."

Hilo nililisikia tu. Nililoliona kwa macho yangu ni kanga mbili alizopata bibi. Kwa kukaa majini muda mrefu pindo zilikuwa zimelika, ukizivuta zinaachia kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Bibi akanishika mkono tukazipeleka uani, kibandani kwa mtu aliyekuwa akitushonea. Yule mtu hakuzitazama. Alizinusa, akatoa ulimi akailamba ncha, halafu akazikunja vizuri sana akamrudishia bibi. Akasema zimekwisha, chumvi haishoneki. Bibi akasonya. Mimi nilibaki nautazama ule ulimi, maana sikuwahi kuona mtu mzima akilamba nguo.

Basi hapo ndipo kumbukumbu yangu ya Mshoni inapoanzia, na habari zake ndizo nilizotaka kuzisema tangu mwanzo, ni hizo kanga zilizonipotosha.

Mshoni ndivyo tulivyomwita nyumba nzima. Jina alikuwa nalo, lakini siliandiki. Tulilolijua sisi alipewa na babu yangu siku alipoletwa, na lile alilokuja nalo kutoka bara hakumwambia mtu. Sasa niandike lipi? Alikuwa mtumwa wetu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu siku hizi watu wa ukoo wangu wakisimulia husema "mzee wetu mmoja", na wanaosikiliza hudhani alikuwa mjomba. Hakuwa mjomba. Baba aliachiwa minazi ya kwetu Kiegeani na baba yake, na pamoja na minazi aliachiwa Mshoni.

Kazi yake ilikuwa matanga. Ya vyombo viwili vya baba, na ya watu wengine baba alipotaka kuwafurahisha. Alikaa kibandani tangu alfajiri mpaka alasiri, miguu ameinyosha, kitambaa cha marekani kimemfunika mapajani na kujaa chumba kizima, hata ukiingia humwoni ila kichwa na mikono, kama mtu aliyezama ndani ya uji. Kiganja chake cha kuume kilikuwa na sugu ngumu kama kwato, hapo ndipo aliposukumia sindano. Mimi nilikuwa nikiigonga ile sugu kwa kijiti, naye huniuliza kwa sauti ya mwenye nyumba aliyeamshwa usingizini, "Nani huyo anabisha?" Nami nikataja jina lolote, nahodha, kadhi, punda wa jirani, naye akijibu kila mmoja kwa kadiri yake. Punda ndiye aliyekaribishwa ndani.

Alikuwa mpole kwa kitambaa, mkali kwa watu. Nahodha mmoja alikuja kulalamika kwamba tanga lake linavuta upande. Mshoni akamwuliza analala ubavu gani. Yule akasema wa kushoto. "Basi ni wewe unayevuta upande," akamwambia, akaendelea kushona. Nahodha aliondoka akitukana. Lakini asubuhi ya pili tulimkuta Mshoni amelifumua tanga lile lote na kulirudia, na mwenyewe alipokuja kulichukua hakuambiwa kitu.

Alishonea kila mtu, na mwenyewe alivaa shuka iliyochanika pembe tatu. Bibi akimwambia aishone, husema hiyo haina bwana anayeisubiri. Hakukosa sala hata moja, na alikuwa mwongo. Uongo wake ulikuwa wa namna moja tu: ukimwuliza alikotoka, kila mara alitaja mahali pengine. Mara Unyamwezi, mara Manyema, mara kwa Wayao. Bibi akimnasa humjibu, "Basi chagua wewe, bibi, wewe ndiye mwenye kunijua."

Na kubwa kuliko yote, aliiogopa bahari. Nusu ya matanga ya Mafia yamepita mapajani mwake, naye hakupanda chombo tangu siku aliyoshushwa hapa, yeye mtoto, alipotolewa tumboni mwa jahazi pamoja na wengine waliokuwa hai. Hata pwani hakwenda. Kuna watumwa wa majirani waliotoroka kwa mitumbwi ya wizi wakafika Rufiji, wengine wakarudishwa, wengine hawakuonekana tena. Nilimwuliza siku moja, kwa ujinga wa kitoto, kwa nini yeye hakimbii.

"Umeona samaki ndani ya dema?" akaniuliza. Dema ni ule mtego wa kusuka tunaouzamisha majini. Nikasema nimeona. "Anakimbia?"

Nikasema hapana, anaogelea tu.

"Basi mie naogelea."

Lakini mlango mmoja dema lile lilikuwa nao, naye aliujua. Wadachi, ndio Wajerumani waliotutawala, walikuwa wakitoa hati za uhuru bomani kwao, kisiwa kidogo cha Chole, mwenye mtu akienda mwenyewe akasema mbele ya Bwana wa boma kwamba huyu nimemwacha. Hati ile Mshoni aliitaka kama mwenye homa anavyotaka maji. Kila Idi, watu wakishakula, alikwenda kwa baba akakaa chini akasema, "Bwana, na hati yangu?" Baba hakuwa mtu mkali, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Mtu mkali angesema hapana, ukajua. Baba alisema, "Mwakani, inshallah." Na Mshoni akaitikia, "Inshallah." Nakumbuka Idi moja alipoitikia kwa kichwa tu. Iliyofuata hakuitikia kabisa, aliondoka akaenda kushona siku ya sikukuu, na bibi akasema ni mkosi.

Alikuwa na majina ya mishono mibaya, ambayo alinifundisha nilipojaribu kushika sindano. Mshono mrefu wa kivivu aliuita wa nahodha. Uliobanwa mpaka kitambaa kikakunjamana, wa bahili. Na ule unaoonekana umeshika, umenyooka, mzuri, lakini ukiuvuta kidogo unaachia wote, huo aliuita mshono wa mwakani. Baba aliwahi kusikia akacheka sana. Sidhani kama alielewa.

Sasa nije kwenye shule, ambayo nilikaa muda mfupi, kama mnavyoona kwa uandishi wangu. Wadachi walikuwa na shule Chole, na baba akanitia humo, si kwa kupenda elimu, ila alikuwa anataka uakida na aliona mtoto bomani ni kama mguu mlangoni. Nilivushwa kwa mtumbwi kutoka Utende, nikalala kwa jamaa zetu kule mpaka mwisho wa juma. Mwalimu alikuwa kijana wa mrima, yaani pwani ya bara, aliyesomea Tanga, kofia nyeupe, viatu, Kiswahili cha kitabuni. Ilipokaribia sikukuu ya kuzaliwa Kaisari, akatuambia kwamba mwaka huu hatutaimba tu. Kila mtoto atakuja amevikwa mfano wa kitu katika vitu vya Kaisari, naye Bwana wa boma atapita kukagua. Mmoja akaambiwa awe askari, mmoja meli ya moshi, mmoja mzinga. Mimi nikaambiwa niwe tai, mfalme wa ndege, mabawa wazi. Nguo kila mtu ashonewe kwao.

Nilipoileta habari hiyo nyumbani baba aliinuka kitini. Tai ndiye aliyekuwa juu ya mlango wa boma, ndiye aliyekuwa kwenye mihuri. Alidhani mwalimu ametuheshimu. Mimi nilijua nimepewa tai kwa kuwa nilikuwa na mikono mirefu, ila sikusema.

Akamwita Mshoni uani, mbele ya bibi na mbele yangu. Maneno yake nayaandika kama yalivyotoka, maana yote yaliyofuata yamo humo.

"Mvike mtoto huyu, Bwana apendezwe. Akipendezwa, siku hiyohiyo nitakwenda kusema neno lako bomani, upate hati."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

"Bibi, umesikia?" Mshoni akauliza.

Bibi akasema amesikia, yeye si kiziwi.

Hapa pana jambo la neno. Tai, kwetu Mafia, hayuko. Tuna kwazi anayekamata samaki, tuna mwewe mwizi wa vifaranga, tuna kunguru. Tai tulilisikia kwa watu wa bara, na wao humwita tai ndege huyu na yule, kila mkubwa mwenye mdomo wa ndoana. Mwalimu alipolitamka alikuwa na tai wake akilini, yule wa muhuri. Mimi nilimwona wa mlangoni pa boma, nikamweleza Mshoni: mweusi, bapa, miguu huku na huku, kama kuku aliyepasuliwa akabanikwa.

Mshoni alisikiliza mpaka mwisho. "Aliyemchora huyo hajapata kumwona tai," akasema. "Mie nimemwona."

Basi akafanya kazi. Alifunga chelewa za mnazi, zile njiti za makuti, tatu tatu ziwe mifupa ya bawa. Juu yake akatandika marekani kuukuu ya tanga, aliyoichemsha na maganda ya mkoko mpaka ikawa kahawia ya kuelekea weusi. Kisha manyoya. Kuku wa Kiegeani mwezi ule walitembea nusu uchi, na majirani walikuwa wakija kuniangalia kwa jicho baya kana kwamba nimewachuna mimi. Alishona unyoya mmoja mmoja, akianzia chini kupanda juu, kila safu ikiilalia ya chini yake, kama mtu anavyoezeka makuti. Mdomo aliuchonga kwa kifuu. Chini ya shingo akazungusha sufi nyeupe, kama mzee aliyejifunga shali kwa baridi. Na juu ya sufi ile hapakuwa na unyoya hata mmoja. Shingo na kichwa alivitengeneza kwa kitambaa chekundu, amekifinya kwa uzi na kukikunja hata kikawa kama ngozi iliyoungua.

Baba alikuja kutazama. Alizunguka mara mbili. Akauliza mbona shingo haina manyoya.

"Ndivyo alivyo, bwana."

"Mfalme wa ndege, kipara?"

"Kwa kazi yake manyoya yangechafuka," Mshoni akasema, na baba hakuuliza kazi gani.

Mimi niliuliza. Tulikuwa wawili tu, ananipima bega kwa kamba yenye mafundo. Akaniambia kwamba alipokuwa kimo changu walitembea kutoka bara siku nyingi hata akakosa hesabu, wamefungwa pamoja, na tai walikuwa juu yao siku zote. Mtu akichoka akaachwa njiani, tai mmoja hushuka, halafu wa pili. Hawakuwa na haraka. Jioni walitua mitini, kukicha wako tena. "Wenzangu niliwapoteza mmoja mmoja," alisema, "tai ndio waliotusindikiza mpaka pwani." Alisema hivyo akiendelea kuhesabu mafundo ya kamba. Ndiyo siku pekee aliyonieleza alikotoka nikamwamini, na hakutaja hata jina la mahali.

Siku hiyo akanifundisha maneno. Alikuwa amesikia kwamba Bwana wa boma ana desturi ya kuuliza kila kitu kimetengenezwa na nani. Nikiulizwa, nijibu hivi: "Ameshona Mshoni wa baba, na baba ameahidi kumpa hati yake leo." Nisipunguze, nisizidishe.

"Ukilisema mbele ya Mdachi," akaniambia, "baba yako hawezi kulimeza tena. Limekwisha kutoka."

Tulilirudia kila siku baada ya alasiri, yeye akiwa Bwana wa boma, amekunja uso na kuvuta sharubu asizokuwa nazo, mimi nikiwa mimi. Nililijua kuliko nilivyojua sura za chuoni.

Siku ikafika. Vazi lile halikuwa na vifungo, lilikuwa la kushonewa mwilini, na mabawa yake nisingeweza kukaa nayo mtumbwini. Maana yake Mshoni ilimbidi avuke. Kutoka Utende hadi Chole si mbali, unaona watu wa ng'ambo wakitembea. Yeye alijilaza chini kabisa ndani ya mtumbwi, akajifunika lile vazi, na hakutoa kichwa mpaka tulipogusa mchanga. Wapiga kasia walimcheka, wakamwuliza fundi wa matanga anaogopaje maji. Aliposhuka alitapika mara mbili. Kisha akaomba maji, akasukutua, akatoa sindano.

Sasa, kwetu mtu hai hashonewi nguo mwilini. Anayeshonewa ni maiti. Na kama hapana budi, anayeshonwa hung'ata kitu, ijulikane kwamba bado yumo miongoni mwa wanaotafuna. Mshoni alinipa kokwa ya tende. Akasema nisiitoe kinywani mpaka atakapokata uzi wa mwisho kunivua. Akanishona nyuma ya nyumba ya shule, tangu kiunoni mpaka kidevuni, jua la kaskazi limekwisha kupanda. Alipofunga fundo la mwisho nilijua kwamba sitoki tena mpaka mtu mwingine apende. Mikono imefungwa mabawani. Siwezi kukaa, siwezi kujikuna, pua inanitekenya na kidole hakiko. Jasho likanitiririka mgongoni, manyoya ya kuku yakaanza kunuka. Nikataka kukojoa. Nikamwonyesha kwa kurukaruka, akasema tai haendi haja mbele za watu. Bendera haijapandishwa bado nilikuwa nimekwisha jikojolea, mniwie radhi.

Tulisimama mstari mmoja. Askari mbele, halafu meli, ambayo ilikuwa mtoto ndani ya pakacha kubwa na chungu kichwani kinachofuka moshi, halafu mzinga, halafu mimi. Mzinga aliniuliza kwa sauti ndogo kama shingo yangu inauma. Wazee walikuwa kivulini na kanzu zao, baba katikati. Mshoni alikuwa ukutani pamoja na watu wengine walioleta watoto wa mabwana zao.

Bwana wa boma alipofika kwangu alisimama. Mwalimu alikuwa nyuma yake, na nikamwona rangi inambadilika, maana yeye, mtu wa mrima, alijua mara moja ni ndege gani aliyesimama pale siku ya Kaisari. Akaanza kujitetea kwa Kidachi. Bwana akainua mkono kumkatiza. Akainama. Akalifungua bawa langu, akayahesabu manyoya ya ncha, akayapindua aone yameshikwaje chini. Ndipo tulipokuja kujua kwamba Bwana yule alikuwa akipiga ndege kwa bunduki na kuwakausha, nyumba yake imejaa, na wengi walikuwa wakimharibikia kwa kushonwa vibaya. Alicheka, wala si kwa hasira.

"Hii si tai ya Kaisari," alisema kwa Kiswahili chake. "Hii tai ya mizoga. Lakini kweli kabisa. Nani nashona hii?"

Ndiyo ile nafasi yenyewe. Alinitazama mimi, akangoja.

Miaka mingi nimewaambia watu kwamba ni ile kokwa. Kwamba nilikatazwa kuitoa, mtoto mtiifu, nikashindwa kusema. Watu hunihurumia, wanasema masikini, mtoto angefanyaje. Si kweli. Kokwa ya tende ni kitu gani? Nilikuwa nimeisukuma shavuni tangu asubuhi, ningeweza kusoma maulidi mazima nayo. Nilinyamaza kwa sababu niliwaza: nikisema, huyu mtu kesho hayuko kibandani. Nitabisha kwa nani? Na baba pia nilimwogopa, lakini hilo lilikuwa la pili. La kwanza ni kwamba nilimtaka abaki wetu.

Bwana akauliza tena. Mshoni ukutani alikuwa ananitazama mdomoni, na midomo yake mwenyewe ilikuwa inakwenda, inayasema yale maneno bila sauti, kunikumbusha.

Baba akatoka kivulini. "Ni mtu wangu, Bwana," alisema kwa furaha. "Mtumwa wangu mimi."

Bwana akamwita Mshoni, akamshika kile kiganja, akaigonga sugu kwa kidole. Kisha akamwambia baba kwamba mtu huyu anamtaka, ana kazi naye ya ndege.

"Ni wako, Bwana," baba akasema, "muda upendao."

"Bwana, na hati?" Mshoni aliuliza. Aliuliza taratibu, na alimwelekea baba, si Mdachi.

"Hati gani?" akauliza Bwana wa boma.

"Mambo ya nyumbani," baba akasema, na wazee kivulini wakacheka kwa adabu.

Walipokwisha kwenda kunywa kahawa Mshoni alikuja kunivua. Alikata uzi wa mwisho, akakinga kiganja chini ya kidevu changu, nikatema. Nikamwambia kwamba nilikuwa nayo kinywani, kwamba ndiyo iliyonizuia. Aliigeuza ile kokwa kiganjani.

"Ndogo," akasema.

Baba alipata uakida kabla ya mwezi wa mfungo. Mshoni alibaki Chole, na boma lilipohamia Kilindoni alihamishwa nalo, safari hii amefungwa kitambaa machoni kwa kuomba mwenyewe, ili asiyaone maji. Akawa mtumwa wa baba na mtu wa Bwana kwa pamoja. Akiomba hati kwa baba, huambiwa Bwana bado ana kazi naye, yeye akida hawezi kuingilia. Akiomba kwa Bwana, huambiwa mwenye mtu ni akida, na yeye hajasema neno. Wote wawili walikuwa wapole kwake. Bwana alimpa hata koti. Akawashona ndege, kwazi, korongo, vigogota, akawajaza sufi na kuwafunga macho ya ushanga, na waliokwenda kutazama walisema wamesimama kama waliotaka kuruka wakaitwa.

Mimi shuleni niliitwa Tumbusi, ndiye yule tai wa mizoga. Nikiingia tu, mzinga na meli huziba pua. Nikaacha. Bibi akafa, na sanda yake akaishona mtu mwingine, mishono mirefu ya nahodha yote, niliiona.

Kisha vita vikaja. Waingereza wakakishika kisiwa, Bwana wa boma akapakiwa melini na wenzake. Nilikuwa ndiyo kwanza sauti inanivunjika. Baba akaniita akasema Mdachi ameondoka, matanga yetu yameoza, nenda Kilindoni ukamlete Mshoni nyumbani. Nilianza kutembea alfajiri, nikafika jua limepinda.

Nilimkuta barazani pa nyumba ile ya Bwana. Waingereza walikuwa wamechukua meza na vitanda, ndege wakawaacha, wamesimama sakafuni kwa mistari, wengine jicho moja. Mshoni alikuwa anashona hema la askari. Hapakuwa na mtu aliyemwamuru, nilivyoona mimi, lilikuwa limechanika tu. Alikuwa na mvi hata kopeni.

Nyakati zile shikamoo haikuwa kama leo, ya kila mtoto kwa kila mzee. Ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, naye bibi angekuwa hai angenipiga kofi. Nilisimama mbele yake nikasema, "Shikamoo."

Sindano ikasimama. Hakuitikia marahaba.

"Sema lililokuleta," akasema.

Nikalisema. Kwamba baba anasema Mdachi ameondoka, na wewe urudi nyumbani. Nilisema neno kwa neno kama nilivyotumwa, sikuweza kulibadilisha, ingawa njia nzima nilikuwa nimetafuta la kuliweka mahali pake.

"Na hati?" akauliza.

Nikasema baba hakutaja hati.

"Haya," akasema. "Safari hii umesema."

Akaumaliza mshono, hakuuacha katikati. Akauma uzi. Akasimama kwa kushika nguzo, akajipangusa sufi magotini, akavua lile koti la Mdachi akalitundika. Akapita katikati ya ndege bila kumgusa hata mmoja, akashuka ngazi. Hakuchukua kitu. Adhana ya alasiri ilikuwa karibu, nikajiambia anakwenda kutawadha. Lakini kisima kilikuwa nyuma ya nyumba, na yeye alishika njia ya mbele, ile ya kaskazini, ambayo si ya Kiegeani wala ya pwani, taratibu, kama mtu aliyetumwa kibiriti. Sauti nilikuwa nayo, na njia ilikuwa wazi, ningemwita angenisikia, na sikumwita. Niliketi kwenye ngazi nikangoja, maana nilikuwa nimetumwa kumleta. Hakurudi.